Siku Mtaa Mzima Ulipofua Vitambaa vya Meza

Neno lenyewe nilifundishwa Ndola, nikiwa msichana wa shule, wakati baba yangu alipokuwa akitia makaa kwenye magarimoshi yaliyokwenda Elisabethville na kurudi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mjane mwembamba asiyecheka. Siku hiyo aliandika ubaoni "notice", akatutoa nje sote, kisha akatuita ndani na kutuuliza ni kitu gani kimebadilika darasani. Tukatazama. Tuliona ubao, madawati, dirisha na mwalimu mwenyewe. Msichana mmoja tu ndiye aliyesema kwamba mwalimu amevua pete. Mwalimu akatuambia kwamba sote tumeona, lakini huyu peke yake amefanya lile neno la ubaoni. Kuona, alisema, ni jicho kufika mahali. Hili lingine ni jicho kufika, likasimama, halafu likaenda kuuambia moyo.

Nimetafuta Kiswahili chake maisha yangu yote. Kutambua kunakaribia, ila mtu hutambua kile alichokijua tangu zamani. Kugundua kuna jasho ndani yake, unadhani aliyegundua alishika jembe. Kung'amua ni kwa watu wanaotaka tujue wana akili. Mume wangu, aliyekuwa karani na aliyependa kila neno lililotoka kinywani mwa wakubwa wake, alisema "remarquer" kwa Kifaransa na akaona ametosheka. Nyumbani kwetu tuliishia kusema kunotisi, na watoto wangu walikua wakidhani ni neno la babu zao.

Mwalimu yule alitufundisha pia matumizi ya pili. Mwingereza akitaka umpuuze mtu kabisa hakwambii umtukane wala umfukuze. Anakwambia usichukue notisi yake, basi. Nililicheka lile nikiwa mtoto. Mtu yuko mbele yako na pua yake na viatu vyake, utaachaje kumwona? Jibu nilikuja kulipata Kamalondo, mtaa wa weusi wa Elisabethville nilikoolewa, na aliyenipa sababu ya kulitafuta ni mwanamke ninayemchukia. Sisemi nilimchukia. Nimeungama jambo hili kwa mapadre kadhaa, na wa mwisho aliniomba nijaribu kuleta dhambi nyingine.

Miaka ile baada ya vita vya pili, Elisabethville ilikuwa na ugonjwa wake, nao uliitwa karte. Mweusi aliyepata ile karte alihesabiwa mstaarabu. Hakuchapwa, hakusukumwa kwenye mstari wa duka, hakuulizwa anatafuta nini mjini kwa wazungu jioni. Lakini hukuipata kwa kuandika vizuri tu. Ilibidi komisyo, kamati ya ukaguzi, ije nyumbani kwako. Walikuja bwana wa serikali na madame wa fwaye, ile nyumba ambako sisi wanawake tulifundishwa kushona, kupiga pasi na kupanga meza ya kizungu. Walifunua sufuria. Waliangalia choo. Walitaka kukuta baba, mama na watoto wameketi kwenye meza moja, uma kushoto na kisu kulia, na mke akila pamoja na mumewe kana kwamba ndivyo wanavyokula kila siku.

Nani alikuwa na vyote hivyo? Hakuna. Kwa hiyo komisyo ikitangazwa kwa mtu, mtaa mzima ulihamia kwake. Huyu alitoa viti, yule pazia, mwingine saa ya ukutani isiyotembea. Vitu vilipita juu ya ua, kutoka lupango, yaani kiwanja cha mtu, hadi lupango, na vitambaa vya meza, tulivyoviita nape, vilitembea kuliko mabibi wenyewe. Sisi tulijua, na nadhani hata madame alijua, maana alikwisha kunywa chai katika kikombe kimoja chenye maua ya buluu kwenye nyumba za watu wengi. Hakuna aliyesema. Ndiyo heshima ya mtaa: unaona, lakini hunotisi.

Jirani yangu wa ua wa pili alikuwa moniteri wa fwaye. Yeye ndiye aliyesimama karibu na madame na kutufafanulia kwa Kiswahili mambo ya uma na kijiko. Alikuwa mwanamke nadhifu, mkristu wa kwaya, mumewe karani kama wangu. Na alikuwa na jicho. Ukiingia na kiatu kimeshonwa upya, yeye alikuwa wa kwanza kukiona, naye alikuambia kwa sauti tamu mbele ya watu: "Mama, kiatu yako ilipata daktari." Tulicheka pamoja naye. Wa kuchekwa hakuwa mimi, kwa hiyo nilicheka kwa raha.

Zamu yetu ilipotangazwa, tulikuwa na shida moja nayo ilikuwa mama yangu. Baba alikwisha kufa, na mama alikuwa akiishi nasi bila karatasi ya kukaa mjini, kwa sababu karatasi hiyo hawakupewa wazee wasio na kazi. Alilala jikoni, nyuma ya pipa la unga, kwenye mkeka aliouchagua mwenyewe kwa sababu ya joto la mbabula, jiko letu la makaa. Kama angeonekana, angerudishwa Mitwaba, kwao kaskazini. Na Mitwaba hakuwa na mtu. Ndugu zake walikufa au walifuata migodi, na yeye miguu ilikuwa imevimba, hata ndoo ya maji hakuweza kuinua. Nilimwambia mume wangu kwamba karte yake naitaka, lakini mama yangu namtaka zaidi. Alinijibu kwamba tutapata vyote viwili.

Moniteri alikuja mwenyewe kunisaidia kupanga meza. Aliponiona nikipanga uma uleule mara ya tatu, aliniuliza, nami nikamwambia habari za mama.

"Mama, usiogope bule," akasema. "Muzee atakaa kwangu, mu kikoni yangu. Nitamupa chai na mukate. Komisyo haitaingia kwangu leo."

Nilimshukuru mpaka nikampigia magoti. Andika hilo, nafsi yangu: nilimpigia magoti.

Siku ile ilikwenda vizuri ajabu. Watoto walikula bila kupiga kelele. Mume wangu alisema "passe-moi le sel, chérie," yaani nipe chumvi, mpenzi, maneno ambayo hakuwahi kuyasema kabla na hakuyarudia tena. Madame alipitisha kidole juu ya kabati, akatazama kidole, akatabasamu. Bwana wa serikali aliangalia choo chetu na kukubali kwa kichwa. Tukawasindikiza hadi barabarani. Pale langoni pake alikuwa amesimama moniteri, katika gauni lake la Jumapili, amemshika mama yangu mkono.

Alisema kwa Kifaransa cha masista, kila neno limepigwa pasi. Alisema: "Madame hakumnotisi bibi mkubwa wa nyumba hii? Analala jikoni, maskini. Nimemtunza leo asiwasumbue." Mama yangu, asiyejua Kifaransa, aliwainamia wazungu na kuwapigia makofi ya salamu ya kwetu.

Madame aligeuka. Walirudi ndani, safari hii hawakukaribishwa, wakaenda moja kwa moja nyuma ya pipa la unga. Waliukuta mkeka, kopo la tumbaku ya kunusa na kitenge kilichokunjwa. Bwana yule hakupaza sauti. Aliuliza karatasi ya mama, akaambiwa hakuna, akasema nyumba yetu haijawa tayari na kwamba mzee huyo lazima awe ameondoka kabla ya Jumapili. Karte ya mwaka ule, kwa makarani wa upande wetu, ilikuwa moja. Aliyebaki kuiomba mtaani kwetu alikuwa mume wa moniteri.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na ni kweli, ila hawasemi jinsi kinavyokuletea chai kwanza.

Mama aliondoka kwa kamyo, lori lililopeleka chumvi kaskazini. Asubuhi ile nilikwenda kutafuta mkate wa safari, na duka la kwanza lilikuwa limefungwa, nikazunguka. Niliporudi alikuwa tayari amefunga mzigo wake na uso wake umetulia. Wapagazi walimpandisha juu ya magunia, mmoja akimvuta na mwingine akimsukuma, na kitenge kikampanda hadi magotini mbele ya vijana wale. Mama yangu, ambaye hata mimi sikuwahi kuona magoti yake. Nilisimama barabarani hadi vumbi likaisha, nikaapa. Sikuapa kwa Mungu, nilijua asingenikubalia.

Mume wangu alisema, "Acha, mwanamuke. Ya Mungu ni mingi." Nikamwambia aende kazini.

Sikumtukana yule mwanamke. Sikuvuka ua kwenda kumvuta nywele, ingawa mikono iliniwasha. Nilikumbuka ubao wa Ndola na yale matumizi ya pili. Kesho yake kwenye bomba alinisalimia, "Jambo yenu, mama," na mimi nikaendelea kuongea na mke wa fundi cherehani kuhusu sombe, kisamvu chetu. Si kwamba nilinuna. Anayenuna amekuona, ndiyo maana ananuna. Mimi nilipitisha jicho juu yake kama unavyolipitisha juu ya ukuta unapotafuta mlango. Alirudia salamu. Nikacheka jambo alilosema mke wa fundi, kicheko cha kweli. Jicho lake, lile lililoona kila kiatu, lilinitafuta usoni na halikupata pa kushika.

Nilifanya hivyo msimu mzima wa mvua. Ni kazi ngumu kuliko kupanda mihogo, nawaambia. Mwili unataka kuitikia. Ukisikia "jambo", ulimi unaruka wenyewe kama mbwa aliyeitwa. Niliuzuia ulimi wangu, na kila nilipouzuia nilihisi utamu.

Kisha zamu ya mumewe ikatangazwa. Nilitembea nyumba kwa nyumba, mchana, na kapu langu mkononi kama mtu anayetafuta chumvi. Kwa mke wa fundi cherehani, kwa mama anayepika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwa wote. Sikusimulia kisa, walikijua. Walikuwa pale barabarani siku kamyo ilipoondoka. Nilisema jambo moja.

"Siku ya komisyo yake, mufue banape benu."

"Bote?" akauliza mama wa munkoyo.

"Bote. Na masahani, muloweke mu maji."

Akasema nape yake kweli ilikuwa na doa.

Jioni ya kuamkia siku hiyo moniteri alianza kuzunguka. Alikuwa na hakika, kwa sababu mtaa haujawahi kumnyima mtu. Kwa mke wa fundi akaambiwa viti viko kwa mgonjwa. Kwa mama wa munkoyo akaambiwa, "Oo mama, nape iko mu maji, pardon." Kila lango lilimpa pardon. Mwisho akaja kwenye ua wangu. Nilikuwa nikichekecha unga.

"Mama," akasema. "Najua uko na kasirani. Lakini hii kintu ni ya watoto yangu. Nipe tu nape na masahani ya kesho. Nitafua, nitarudisha."

Nilichekecha.

"Mama, unanisikia?"

Niliinua chekeche, nikalipiga ukingoni, nikamwaga pumba kwa kuku. Kuku walikuja. Nikasema nao, nikawauliza kama wameshiba. Yeye alibaki pale akishika mti wa ua hadi mumewe alipomwita.

Kesho yake asubuhi jua lilikuwa zuri. Na sisi tulifua. Wanawake wa mtaa mzima, kana kwamba tumeitwa na kengele, tulianika vitambaa vya meza juu ya nyua na kamba, vyeupe, vya maua, vya kudarizi, kutoka kona ya barabara hadi kona. Komisyo ilipita katikati yake. Madame alitembea akitazama kushoto na kulia, na nilimwona akipunguza mwendo mbele ya kimoja alichokwisha kula juu yake katika nyumba tatu au nne. Sikujua kabla ya siku ile kwamba mzungu anaweza kuona haya.

Ndani ya nyumba ya moniteri kulikuwa na meza ya mbao tupu, viti viwili na sanduku. Watoto walikula bukari, ugali wetu, kwa sahani za bati, wawili wakiwa wamesimama. Mwalimu wa uma na kisu hakuwa na uma. Tulisikia sauti ya madame, si kali, ya kushangaa tu, ikiuliza na kuuliza tena: "Lakini wewe? Wewe unayewafundisha wengine?" Nilikuwa nikikamua kitambaa changu upande huu wa ua, na nilikikamua hadi hakikuwa na tone.

Karte ilikwenda kwa mtu wa mtaa mwingine. Fwaye haikumwita tena moniteri. Na mtaa, ambao nilikuwa nimeuomba siku moja tu, uliendelea wenyewe. Kwenye bomba walimwachia nafasi pana mno. Kanisani benchi lake lilibaki na watoto wake tu. Hakuna aliyemwambia neno baya. Sikuwakataza. Kwa nini niwakataze? Nililala vizuri.

Kiangazi kilichofuata tukasikia wanahama, mumewe amepata nyumba Kampemba, mbali na sisi. Siku waliyokuwa wakifunga vyombo alifika kwangu mtu kutoka Mitwaba, dereva msaidizi wa ile kamyo ya chumvi. Alivua kofia kabla ya kukaa, nikajua. Alisema mama alizikwa siku chache kabla hajaondoka yeye. Jirani mmoja wa huko alikuwa akimchotea maji alipokumbuka. Kisha akaweka miguuni pangu vifurushi viwili vya majani, uyoga uliokaushwa, mama aliutengeneza mwenyewe akiwa ameketi.

"Moja ni yako," akasema. "Ingine, muzee alisema ni ya ule mama wa ua ya pili. Alisema umupe na mukono yako."

Niliviangalia vile vifurushi. Vilikuwa sawa, kamba ileile, fundo lilelile. Nilifikiri: mama hakujua. Wazungu walisema Kifaransa, yeye alishikwa mkono akapewa chai, akafa akidhani yule ni rafiki. Na agizo la marehemu halirudishwi, hata mimi naliogopa. Lakini nilipokuwa nikivuka barabara na kifurushi, nawaambia ukweli, furaha ilinipanda hadi kooni. Hii ilikuwa bora kuliko vitambaa vya meza. Nitamwambia, nikasema, na ataubeba mzigo huo hadi Kampemba na hadi kaburini.

Alikuwa ameketi juu ya sanduku, akisubiri mkokoteni. Nilimwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Alikuwa amekonda.

"Mama yangu amekufa," nikasema. "Alikutumia hii. Hakujua ulimufanya nini. Mimi sikumuambia."

Alichukua kifurushi kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu cha mzee. Hakulia mara moja. Alikinusa kwanza.

"Alijua," akasema. "Ile asubuhi ya kamyo, ulienda kutafuta mukate. Niliingia, nikapiga magoti, nikamuambia: mama, mimi njo nilisema. Akaniambia alijua tangu kwenye lango. Aliniambia muntu mwenye kufanya muzuri hashike mukono ya muzee na nguvu vile. Akaniambia niondoke mbio, mbele ya wewe kurudia, juu wewe hautanisamehe, na yeye hana mpango ya kungojea wewe. Akanisamehe yeye."

Mkokoteni ulifika. Sikumsaidia kupakia, sikumwambia neno la pole wala la kwaheri. Nilirudi nyumbani, nikaketi jikoni nyuma ya pipa la unga, nikalia kwa hasira tu. Mama yangu, bila neno moja la Kiingereza, bila Kifaransa, alinotisi kwa ngozi ya mkono wake jambo ambalo mimi nililazimika kuambiwa kwa Kifaransa. Hilo ningeweza kulivumilia. Lakini alikaa juu ya magunia yale, akaniacha nimshike kidole cha mguu kumuaga, akaniona nimejaa kisasi, na hakusema kitu.

Nilifika Mitwaba miaka mingi baadaye, watoto wangu wakiwa wakubwa. Walinionyesha kaburi, wakaniachia nafasi ili nisali. Sikusali. Nilisimama pale na kumgombeza marehemu kwa sauti, hadi watu wakageuka kutazama, nikimuuliza ni nani aliyemtuma kumsamehe adui yangu.